Maswali na majibu: mlipatana nini hasa?

Wenzetu wa juu ya mfereji wanafunga banio, lango la kugawia maji, kiangazi chote, mpunga wetu unakauka. Tumekaa vikao vitatu, tukapatana, hawatekelezi. (Mkulima, Mbarali, Tanzania)

Mlipatana nini hasa? Barua yako nimeisoma mara mbili: hakuna siku, hakuna saa, wala jina la anayeshika ufunguo wa banio. "Tutagawana vizuri" ni salamu tu. Andikeni zamu: maji ya juu mwisho Jumatano usiku, Alhamisi alfajiri yashuke, fulani afungue, fulani wa upande wa pili ashuhudie. Pigeni kigingi chenye alama ya rangi mferejini, mbishi aonyeshwe kwa kidole. Kisha yapelekeni kwenye jumuiya ya watumia maji, ambayo sheria ya maji ya 2009 imeipa kazi hiyo. Na nyinyi wa chini msijifanye malaika. Mto Ruaha Mkuu, unaopita chini yenu, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Hao nani aliwaita kikaoni?

Lazima nianzie baraza la kata kwenye kesi ya mpaka wa shamba na malisho?

Lazima. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kata inapatanisha tu, haihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Anayekuuzia "hukumu ya kata" leo anakula hela yako.

Mzee wa mila anaweza kutupatanisha?

Anaweza, mradi asiwe shemeji wa mmoja wenu.

Baraza la ardhi la kijiji chetu ni wanaume watupu. Kuna ubaya?

Upo. Wajumbe ni saba, wanawake wasipungue watatu. Anayechota maji alfajiri ndiye anayejua kisima kilianza kunuka lini.

Kiwanda kinamwaga maji machafu mtoni. Meneja ametuita "tuyamalize", anatoa saruji ya zahanati.

Msisaini siku hiyo. Kwanza ripotini NEMC, baraza la taifa la mazingira, maji yapimwe, majibu yasomwe mbele ya kijiji. Karatasi isiyotaja tarehe ya kuziba bomba inanunua ukimya wenu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri chakavu, walikwenda mahakamani: 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairejesha 2024. Safari ndefu, lakini damu yenye sumu haisuluhishwi kwa saruji. Na posho ya kikao mliyokwisha kula, iandikeni kwenye muhtasari, jina kwa jina.