Hesabu na waliokaa kimya: kwa unayeanza kufuatilia kamati za Seneti ya California

Nakuandikia wewe uliyepata kazi Sacramento hivi karibuni, iwe kwenye ofisi ya seneta, kwenye chama cha wapangaji au kwenye shirika la kusaidia wakimbizi, na umeambiwa ufuatilie miswada na teuzi kamatini. Kama umekulia Kenya, weka pembeni kwanza picha ya Seneti ya Nairobi yenye wajumbe 67 na kaunti zake. Hapa ni seneti ya jimbo moja, maseneta 40, na kazi kubwa hufanyika kwenye kamati, mara nyingi saa ambazo hakuna mwandishi wa habari ukumbini.

Jambo ambalo ningependa ulijue mapema kuliko yote ni hili: usihesabu ndiyo na hapana peke yake. Hesabu wajumbe wote wa kamati, waliopo na wasiokuwepo. Mswada hupita kwa wingi wa wajumbe wote, si kwa wingi wa waliopiga kura. Kamati ikiwa na wajumbe 7, zinatakiwa ndiyo 4. Wakisema ndiyo watatu, akapinga mmoja, watatu wakanyamaza, mswada umekwama. Seneta aliyenyamaza ameuzuia sawasawa na yule aliyepinga, ila jina lake haliko kwenye safu ya waliopinga, na kesho atakutana na watu wako akiwapa mkono. Ndiyo maana unapowaeleza watu wa jamii yako matokeo, waeleze safu zote tatu. Wana haki ya kujua nani alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake, jina likasomwa, asijibu.

Mfano ambao kila mtu wa Sacramento anaukumbuka ni SB 50, mswada wa Seneta Scott Wiener wa kuruhusu nyumba za ghorofa zijengwe karibu na vituo vya treni na mabasi. Januari 2020 ulifika mbele ya Seneti nzima ukapata ndiyo 18 na hapana 15. Aliyesoma hizo namba mbili tu angedhani umepita. Zilihitajika kura 21, nusu ya viti 40 na kimoja zaidi, na maseneta waliokaa bila kupiga kura ndio walioamua. Mswada ukafa.

Na kabla ya hapo ulikuwa umeshakwama mahali pengine, mahali unapopaswa kupaelewa kuliko ukumbi mkuu wenyewe. Mwaka 2019 ulipita kamati mbili za kisera, ukaingia Kamati ya Matumizi ya Fedha, na mwezi Mei ukazuiwa humo hadi mwaka uliofuata. Hatimaye Toni Atkins, aliyekuwa kiongozi wa Seneti, ndiye aliyeutoa huko akaupitishia Kamati ya Kanuni ili uweze kupigiwa kura na wote. Angalia mamlaka yaliyomo kwenye hatua hiyo moja, kisha uone kwa nini nakusihi usiishie kusoma maneno ya mswada tu. Fuatilia uko mikononi mwa nani.

Hiyo Kamati ya Matumizi ina jalada lake, saspensi kama watu wa hapa wanavyoliita. Mswada unaokadiriwa kugharimu mfuko mkuu wa jimbo dola 50,000 au zaidi, au mfuko wowote dola 150,000 au zaidi, huwekwa humo. Kwa bajeti ya jimbo kubwa kama hili kiwango hicho ni kidogo sana, kwa hiyo karibu kila mswada wenye uzito huingia. Kisha mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti, kamati inakaa na kutangaza hatima ya mamia ya miswada kwa mkupuo mmoja. Mwenyekiti anasoma namba haraka: huu unapita, huu unapita na marekebisho, huu unabaki. Siku hiyo hakuna shahidi anayesikilizwa, na ule unaobaki haupigiwi kura ya hapana na mtu yeyote. Umebaki tu.

Nimeona wazee waliosafiri usiku kucha kwa basi wakitoka nje ya ukumbi wakiulizana kama namba yao imesomwa. Jambo hili huniuma, na nadhani linapaswa kukuuma nawe pia, maana watu hao walijiandaa kusema, na siku yenyewe haina nafasi ya kusema. Usiwalete siku ya saspensi. Walete kwenye kamati ya kisera, wiki nyingi kabla, ambako mswada unasikilizwa kwa haki yake. Wiki zinazofuata, kazi yako iwe ni kupunguza gharama: ongea na wafanyakazi wa kamati, uliza makadirio ya fedha yametoka idara gani, na kama namba imezidishwa, leta maelezo kwa maandishi. Mswada mwingi mzuri umeangushwa na makadirio ambayo hakuna aliyeyahoji.

Kwa upande wa teuzi, ukimya una nguvu zaidi. Gavana huteua watu kwenye bodi na tume nyingi, na wengi wao huhitaji kuthibitishwa na Seneti: makamishna wa tume ya huduma za umma inayosimamia bei za umeme, wajumbe wa bodi inayoamua wafungwa gani waachiliwe kwa msamaha wa masharti, wajumbe wa bodi ya uongozi ya Chuo Kikuu cha California, na wengine. Mteule huanza kazi mara moja. Lakini asipothibitishwa ndani ya siku 365, kiti kinamtoka. Jina hupitia kwanza Kamati ya Kanuni, yenye wajumbe 5 tu chini ya uenyekiti wa kiongozi wa Seneti, na kura 3 zinatosha kulipeleka mbele. Kamati isipompangia siku ya kusikilizwa, haijamkataa mtu, wala hakuna kura ya kuonyesha. Siku zinahesabika zenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta David Crane. Gavana Arnold Schwarzenegger, akiwa anamaliza muda wake mwishoni mwa 2010, alimteua kuwa mmoja wa wajumbe wa bodi ya uongozi ya Chuo Kikuu cha California. Vyama vya wafanyakazi na baadhi ya maseneta walimpinga kwa sababu ya maandishi yake kuhusu haki ya watumishi wa umma kujadiliana na mwajiri. Seneti haikumthibitisha, mwaka ukaisha, kiti kikamwondokea. Mtu anayetafuta kura ya siku fulani iliyomwangusha hataipata. Basi ukikabidhiwa uteuzi wa kufuatilia, andika kwenye kalenda tarehe mteule alipoanza kazi, kisha tarehe ya mwaka kamili baadaye, na anza kuuliza mapema. Ukiwa unamuunga mkono, omba apangiwe siku. Ukiwa unampinga, peleka barua yako kabla wafanyakazi wa kamati hawajamaliza mahojiano naye, maana maswali yatakayoulizwa hadharani hutungwa wakati huo.

Mambo mengine utayazoea haraka. Kikao kinaweza kuanza kabla akidi haijatimia. Mashahidi watasikilizwa lakini kura haitapigwa mpaka wajumbe wafike. Shahidi mkuu hupewa dakika chache, wengine hutaja jina, shirika na msimamo tu, kwa hiyo wafundishe watu wako hayo matatu kwa lugha watakayoitumia. Mswada mpya haupaswi kusikilizwa mpaka siku ya 31 tangu uwasilishwe, isipokuwa robo tatu ya wajumbe wa baraza husika la bunge wakubali kuiondoa kanuni hiyo. Soma uchambuzi wa kamati kabla ya mswada wenyewe, kisha rudi kwenye mswada utazame maneno yaliyokatwa kwa mstari na yale ya italiki yaliyoongezwa, kwa kuwa mswada uliouunga mkono Machi unaweza kuwa mwingine kabisa ifikapo Juni.

Na usiondoke ukumbini kura ya kwanza ikishasomwa. Maseneta huwa na kamati mbili au tatu kwa wakati mmoja, hukimbia kutoka chumba hiki hadi kile, hivyo mwenyekiti huiacha orodha wazi ili waliochelewa waongeze kura zao. Mswada ulio na ndiyo 3 saa nne asubuhi unaweza kuwa na 5 saa nane mchana, au ukabaki na zile 3. Usitume ujumbe wa pongezi wala wa pole kabla mwenyekiti hajafunga orodha. Ukilazimika kuondoka, video ipo: tangu wapiga kura walipoidhinisha Pendekezo 54 mwaka 2016, vikao vya wazi hurekodiwa na kuwekwa kwenye mtandao ndani ya saa 24, na hutunzwa miaka isiyopungua 20. Mimi huitazama hata nilipokuwepo, kwa sababu ukiwa ukumbini huwezi kumwangalia mwenyekiti na msaidizi anayemnong'oneza seneta kwa wakati mmoja.

Kura ikishindwa, bado hujamaliza. Mwasilishaji anaweza kuomba ifikiriwe upya, na ukiwa ni mwaka wa kwanza wa kikao cha miaka miwili, mswada unaweza kubaki hai hadi Januari. Piga simu ofisini kwake siku hiyohiyo. Uliza maswali mawili: je, ameomba kufikiriwa upya, na ni nani kati ya walionyamaza yuko tayari kukutana na watu wa wilaya yake? Kisha tafuta watu hao, wanaoishi humo na kupiga kura humo, uende nao.