Padre, mama alikuwa mtu wa sala na kazi: bado anahitaji Misa?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre, na shikamoo. Mwezi ujao mama yetu anatimiza mwaka tangu atutoke. Aliachwa mjane sisi watano tungali wadogo, akatulea kwa cherehani. Usiku ukishtuka usingizini ulisikia mguu wake kwenye pedali, na ukichungulia uliona midomo inatembea: Salamu Maria. Rozari yake ilitundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Punje moja ilidondoka ikapotea, naye akafunga fundo la uzi mweusi mahali pake, maisha yakaendelea.

Sasa tunaandaa ukumbusho na hatuelewani. Kaka yetu mkubwa anasema Misa ya kumwombea ni kama kumtilia mama shaka, kwani mwanamke aliyesali vile yuko mbinguni tayari. Anataka tuchapishe kadi yenye picha yake na neno "Mtakatifu" mbele ya jina. Mimi nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na nimekwama. Mama alikuwa mkali, ulimi wake ulichoma. Yeye na dada yake, mama yetu mkubwa, hawakusemeshana miaka mingi kwa ajili ya neno moja lililotamkwa siku ya msiba wa baba, na amekufa hivyo hivyo. Tena Dominika nyingi alirudi kutoka Misa ya kwanza akakaa kwenye cherehani mpaka jioni, na chache hakwenda kabisa. Niyaseme haya au niyafiche? Na hiyo rozari tuifanyeje? Dada anataka ikazikwe kaburini.

JIBU

Milele amina, mwanangu, na marahaba. Poleni sana. Mwaka wa kwanza huwa na tabia ya kurudisha kilio upya, wakati majirani wamekwisha kusahau kutoa pole.

Nianze na kaka yako, maana nia yake ni njema na kosa lake ni la wengi. Anadhani kumwombea mama ni kumshuku. Basi amsikilize mwana mwingine aliyezaliwa na mama wa sala, Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika. Mama yake, Monika, alifariki mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Walikuwa njiani kurudi kwao Afrika. Mwanawe mwingine, Navigio, akasema laiti mama angefia nyumbani. Monika alimkata jicho, kisha akawaambia mwili wauzike popote, wasijisumbue nao. Aliomba jambo moja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Angalia ni nani anayeomba hivyo. Huyo leo tunamwadhimisha tarehe 27 Agosti kama mtakatifu, na hakuona haya kuombewa.

Na Augustino hakuchoka. Alipoandika habari za kifo hicho katika kitabu cha tisa cha Maungamo, simulizi la maisha yake, ilikwisha kupita miaka kama 10, yeye mwenyewe amekwisha kuwa askofu, na bado anamwombea. Tena anamwambia Mungu kwamba anaamini amekwisha kumjalia mama yale anayomwombea, ila aipokee tu sala yake. Kaka yako amwombee mama kwa imani hiyohiyo. Kuamini kwamba mama yuko pazuri hakumzuii mtoto kumwombea.

Mafundisho yenyewe ni mafupi. Wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu, lakini hawajatakaswa kikamilifu, wana hakika ya wokovu wao, ila hutakaswa kwanza wapate kuingia katika furaha ya mbinguni. Ndiyo toharani, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inaieleza kuanzia namba 1030. Desturi ya kuwaombea ni ya kale kuliko Kanisa. Katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, anakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za sanamu chini ya nguo zao. Hakuwalaani, wala hakuwaficha. Alichangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu ikatolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Kama walioanguka na hirizi vifuani waliombewa, mama yenu na rozari yake atakosaje?

Kadi ichapeni, lakini neno "Mtakatifu" liondoeni. Hadharani Kanisa huwaheshimu kama watakatifu wale tu lililowatangaza lenyewe, watakatifu na wenye heri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1187, iko wazi. Nyumbani, katika sala yako ya siri, hakuna anayekuzuia kumwambia mama "tuombee". Katekisimu namba 958 inasema sala yetu kwa marehemu huwasaidia, na hufanya maombezi yao kwa ajili yetu yawe na nguvu. Mahali pa neno hilo andikeni "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Anayeiokota kadi hiyo baada ya miaka 20 ataisoma, na kwa kuisoma atakuwa amemwombea.

Sasa wewe na wasifu wako. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi nilimzika mama yangu mwenyewe. Nilihubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuhubiri siku yoyote, nikamsifu kwa upishi, kwa ukarimu, kwa uvumilivu, watu wakalia, wakanipongeza kwa hotuba nzuri. Njiani kurudi kutoka makaburini mzee mmoja akaniuliza taratibu: "Padre, mbona hukutuambia tumwombee?" Nilinyamaza. Maelekezo ya Misale, kitabu cha kuadhimishia Misa, namba 382 yanasema homilia, yaani mahubiri, ya mazishi iwe fupi na isiwe ya kumsifu marehemu, nami niliyajua tangu seminari. Uchungu ulinizidi, na labda majivuno pia.

Augustino alipita njia nyingine. Anasimulia kwamba Monika alipokuwa msichana alitumwa kuteka divai kwenye pipa, akaanza kwa kuilamba kidogo, kila siku akiongeza, mpaka akafika kunywa kikombe karibu kujaa. Aliyemponya ni kijakazi wa nyumbani: siku waliyogombana alimtukana kwa kumwita mlevi, na tusi hilo likamchoma akaacha papo hapo. Jiulize, mtoto gani anaandika hivyo juu ya mama yake? Yule aliyetaka tujue Mungu alimtoa wapi. Na mwishoni anasema waziwazi kwamba anayaweka kando matendo mema ya mama, ambayo anamshukuru Mungu kwayo, ili aombe msamaha wa dhambi zake. Ni hapo tu, katika sala hiyo, ndipo anapolitaja jina la Monika, mara moja pekee katika kitabu kizima, pamoja na la baba yake, Patrisio, na anawaomba wasomaji wawakumbuke wote wawili altareni.

Kwa hiyo usifiche, na wala usianike. Kuna tofauti kati ya kusema ukweli na kuwapa wasengenyaji posho. Sema: "Mama alikuwa mkali, na wengine wetu maneno yake yalituuma. Tunaomba mmsamehe, na mmwombee." Sentensi mbili zinatosha, kisha endelea na mengine. Wanaomfahamu watashusha pumzi, maana hakuna kinachowachosha watu kanisani kama kusikiliza sifa za mtu wasiyemtambua. Ugomvi wake na dada yake usiusome mbele ya watu hata kidogo.

Huo una dawa nyingine. Katekisimu namba 1032 inataja njia za kuwasaidia marehemu: sala, hasa sadaka ya Ekaristi, kisha matendo ya huruma, rehema (msamaha wa adhabu za dhambi zilizokwisha kusamehewa), na malipizi. Mama ameondoka na deni moja ambalo ninyi mnaweza kulishughulikia. Kabla ya Misa, na kabla ya kadi kwenda kuchapwa, wewe na kaka yako nendeni kwa mama yenu mkubwa. Msiende kuamua nani alikosa siku ile. Aliyekuwa shahidi wa upande mmoja hayupo tena. Mwambieni mmekuja kwa niaba ya mama kuomba radhi, na kwamba mnamtaka akae nanyi benchi la mbele. Akilia, lieni naye. Akiwafukuza, mmeshafanya lenu, nanyi mtolee Mungu fedheha hiyo kwa ajili ya mama. Mimi, kwa uzoefu wangu, ningeiona safari hiyo kuwa nzito kuliko rozari 50.

Kuhusu Dominika, punguza hofu. Alikwenda Misa ya kwanza, ndipo akashona. Katekisimu namba 2185 inakubali kwamba mahitaji ya familia yanaweza kumwondolea mtu wajibu wa pumziko la Dominika, na mjane mwenye watoto watano wanaosubiri ada hana haja ya wakili. Siku alizokosa Misa, namba 2181 inataja ugonjwa na kuwatunza watoto wachanga kama sababu halali. Kama nyingine zilikuwa uchovu au uzembe, alikuwa na kitubio kama sisi sote. Hukuwa muungamishi wake, usianze leo.

Ila katika wasifu usiitaje kazi yake kama kitu alichokifanya ili apate muda wa kusali. Ulichokiona usiku ule ni mguu kwenye pedali na midomo kwenye Salamu Maria, vyote kwa pamoja. Kile kipande cha Mithali 31 tunachopenda kuwasomea akina mama kimejaa kazi tupu: anatafuta sufu na kitani, anaamka kungali usiku, mikono yake inashika pia ya kusokotea nyuzi, taa yake haizimiki. Kumcha Bwana kunatajwa mwishoni kabisa, kana kwamba tumekuwa tukitazama kumcha huko muda wote bila kujua. Na Zélie Martin, mama wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alikuwa fundi wa lasi huko Alençon, Ufaransa, mwenye biashara yake mwenyewe. Alizaa watoto 9, akazika wanne, akafa kwa saratani ya matiti mwaka 1877. Barua zake zipo, na ndani yake kuna oda za wateja, kuchoka, na wasiwasi wa watoto. Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mume wake, Louis, tarehe 18 Oktoba 2015. Kwa hiyo taja cherehani, taja na usiku. Ukihitaji andiko, chukua Ufunuo 14:13, wafu wafao katika Bwana "wapate kupumzika baada ya taabu zao, kwa kuwa matendo yao yafuatana nao". Sijui andiko lingine linalomfaa fundi cherehani kuliko hilo.

Mambo ya utaratibu ni machache. Nendeni ofisini kwa paroko mapema mwandikishe nia, yaani kwamba Misa hiyo iadhimishwe kwa ajili ya mama. Siku ikiangukia Dominika, masomo na sala zitakuwa za Dominika, ila nia itabaki ya mama. Wasifu wako usomwe baada ya sala ya baada ya Komunyo, paroko akiridhia, na usizidi dakika tano. Sadaka mnayotoa hainunui Misa. Asiye nacho naye aombe nia, kwani kanuni ya 945 inawahimiza mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila kupokea chochote. Lakini ungameni kwanza, mpokee na Komunyo. Nimeona familia nyingi zimependeza kwa sare za ukumbusho, na wakati wa Komunyo benchi zima limekaa. Na ikifika Novemba, kati ya tarehe 1 na 8, atakayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia wao rehema kamili kila siku, kwa masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote.

Rozari msiizike. Kumzika marehemu akiwa na rozari mkononi ni jambo jema, lakini kufukua udongo mwaka mmoja baadaye kwa ajili hiyo hakuna haja. Kama ilibarikiwa, ni ya kutumiwa kwa heshima, si ya kufungiwa kabatini. Mpeane: wiki moja kwako, wiki moja kwa kaka, mpaka wote watano mzunguke, kila mmoja akisali mafumbo matano kwa ajili yake. Na mtoto wa kwanza atakayesema inunuliwe punje mpya, mkatalieni. Vidole vikifika kwenye fundo la uzi, hapo pia ni Salamu Maria. Isalini, kisha mwende punje inayofuata.