Saa na mashine ya jim, nani mwongo?

SWALI: Habari za kazi kocha. Nimenunua kile kisensa cha kufunga kwenye kiatu, kimeungana na saa vizuri tu, ila jim mashine inaniambia nimekimbia kilomita 5 saa inasema 4.7. Nimwamini nani?
Msomaji wa kike, Mbezi, Dar

JIBU: Dada, kwa sasa usimwamini yeyote. Mashine za jim nyingi mkanda umeshachoka na hakuna aliyewahi kuupima, na hicho kisensa nacho hakijui mita wala nini, kinahisi tu mguu unavyonyanyuka na kutua halafu kinakadiria hatua ina urefu gani, sasa hatua yako sio yangu, ndo maana lazima ukifundishe.

Kwanza kifunge kwenye kamba za kiatu, kikaze. Mimi changu niliwahi kukining'iniza kama hereni, wiki nzima nikajiona nimekuwa mkali kumbe wapi!

Halafu nenda uwanja wenye trek ya mita 400, ukimbie leni ya 1, ile ya ndani kabisa, maana leni ya 8 mzunguko mmoja unafika kama mita 453 utakuja kulaumu sensa bure. Kwenye saa chagua kukimbia ndani, ndiyo, hata kama uko nje, ili isichukue umbali wa GPS. Pasha, simama kwenye mstari, washa, piga raundi 8 kwa mwendo wako wa siku zote (achana na wale vijana watakaokupita), ukikanyaga mstari zima hapo hapo. Hiyo ni kilomita 3.2. Tuseme saa imeandika 3.12, unagawanya 3.2 kwa 3.12 unazidisha na namba ya kalibresheni (ile ambayo saa inatumia kurekebisha umbali wa sensa) iliyopo kwenye saa, kama ilikuwa 100 unaweka 102.6. Kuna saa zinaandika 1.000, hesabu ni ile ile, inakuwa 1.026. Na kama saa yako ina kile kipengele cha kujikalibreti yenyewe kizime, siku ukikatiza katikati ya maghorofa GPS ikachanganyikiwa inakufutia kazi yote.

Ukibadilisha viatu rudia, hata raundi 4 zinatosha kukagua.

Sasa kwa mfano huo huo, 4.7 yako inakuwa kama 4.82. Hizo mita 180 zilizobaki mdai mwenye jim.