Kosta za mlimani kwenye vituo vya kuskii: jibu kwa dada wa Nakuru

Dada, umeuliza mambo matatu: kama ni salama kuwapandisha watoto wako, wa miaka sita na kumi na miwili, kwenye kosta za mlimani mtakapomtembelea kaka yako Denver, Marekani, mwezi wa Julai; kama bei yake ina maana; na kama mama mkwe wako mtakayesafiri naye atapata cha kufanya huko juu. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika kati ya wanaosema kwamba huko ni kununua kifo kwa pesa zako mwenyewe na wanaosema kwamba ni mchezo wa kitoto usiostahili hata nauli. Mimi naishi Kisumu, lakini nilipokuwa mwanafunzi nilipata kazi ya msimu katika kituo kimoja cha kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji, huko Colorado, jimbo lenye mji wa Denver, na kazi yenyewe ilikuwa kuwakagua watu mikanda kwenye kosta na kuwaruhusu waondoke mmoja baada ya mwingine. Jibu langu ni kwamba mpande, na kwamba jambo la kuliangalia zaidi ya yote ni nafasi iliyopo kati ya kigari chenu na kigari kilicho mbele yenu.

Kwa wale ambao hawajaiona, kosta ya mlimani ni kigari kidogo cha mtu mmoja au wawili, kisicho na injini, kinachopita juu ya reli za mabomba ya chuma zilizoinuliwa kidogo kutoka ardhini na kufuata mteremko wa mlima katikati ya miti. Unaketi miguu ikiwa imenyooka mbele, mkanda umekukaza, na kila upande wa kiti kuna kishikio cha breki. Ukivisukuma vishikio mbele, breki inaachia. Ukivivuta kwako, mwendo unapungua. Ukivivuta hadi mwisho, kigari kinasimama. Kwenye kosta nyingi za Marekani unaketi kituoni chini, waya wa chuma unakuvuta polepole hadi kileleni huku ukisikia mlio wa chuma kwa chuma chini ya kiti, kisha waya unakuachia na mteremko unafanya kazi iliyobaki. Magurudumu yanaishika reli kutoka juu na kutoka chini, na ndiyo sababu kigari hakiruki nje ya njia hata kwenye kona kali. Isitoshe, ndani yake mna breki ya pili inayojikaza yenyewe kadiri magurudumu yanavyozidi kuzunguka, hata kama abiria ameviachia vishikio kabisa. Kampuni ya Wiegand ya Ujerumani, ambayo ni mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mitambo hii, hukadiria kikomo cha kilomita 40 hivi kwa saa. Ukiisoma tarakimu hiyo ukiwa nyumbani utacheka, kwa sababu bodaboda wa Kondele hupita mwendo huo akiwa amebeba gunia. Lakini ukiwa umeketi karibu kabisa na ardhi, miti ikikupita kando ya kiwiko na kona ikikulaza upande, hutacheka tena.

Urefu unatofautiana sana, na ndio unaopaswa kuamua kama bei inafaa. Ile ya Steamboat, huko huko Colorado, ina zaidi ya kilomita 1.9 za reli; ile ya Imst nchini Austria ina kama kilomita 3.5. Nyingine ni fupi kiasi kwamba muda wa kuvutwa kupanda unazidi muda wa kushuka, na foleni ya Jumamosi inazidi yote mawili. Kabla ya kulipa, uliza urefu wa njia, na uliza kama urefu unaotangazwa umejumlisha sehemu ya kupandishwa.

Sasa nirudi kwenye nafasi kati ya vigari, maana hapo ndipo karibu matatizo yote niliyoyashuhudia yalipoanzia. Mhudumu wa juu au wa chini huviachia vigari kimoja kimoja kwa kuacha muda kati yao, na sheria iliyobandikwa kwenye kibao humtaka kila abiria abaki angalau mita 25 hivi nyuma ya aliyemtangulia. Lakini breki iko mikononi mwa abiria, na abiria hawafanani. Kigari chenye watu wazima wawili hushuka kwa kasi kuliko kigari chenye kijana mwembamba peke yake, kwa hiyo nafasi uliyopewa kileleni inaweza kuwa imekwisha ukifika kona ya sita. Nilikuwa zamu ya chini siku ambayo baba mmoja alisimama kabisa katikati ya njia, mahali ambapo miti inaachana na bonde linaonekana lote, akageuka na kuinua simu ili ampige picha mke wake aliyekuwa akimfuata. Mke alimwona akiwa ameshatoka konani. Alivuta vishikio kwa nguvu zake zote, harufu ya breki ikatufikia hadi chini, na bado vigari viligongana kiasi cha mama yule kuumia shingo na magoti. Hakuna kilichovunjika, lakini likizo yao iliishia hapo. Simu ile tuliipata kesho yake kwenye majani, pamoja na kofia tatu na miwani ya mtu mwingine.

Kwa familia yako ningepanga hivi. Kigari kizito kitangulie na kigari chepesi kifuate, ili msigongane nyinyi kwa nyinyi. Ubaya wake ni kwamba yule mwepesi, ambaye pengine ndiye mwoga, atakuwa na mgeni nyuma yake, na mgeni huyo huenda ni kijana wa miaka ishirini aliyekuja kutafuta rekodi. Kwa hiyo mwambieni mhudumu, kabla ya kuondoka, kwamba wa mwisho wenu ataenda polepole, na mwombeni amcheleweshe anayefuata. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi hiyo tuliombwa jambo hilo mara nyingi na hatukuliona kuwa usumbufu, kwani ilikuwa afadhali kumzuia mtu nusu dakika kuliko kuandika taarifa ya ajali jioni. Vilevile mtoto aambiwe mapema kwamba kwenda polepole si kosa, na kwamba kusimama ndilo kosa.

Mtoto wa miaka sita hataendesha. Atakaa na mtu mzima, kwa kawaida mbele yake, na mtu mzima ndiye atakayeshika breki. Huyu wa miaka kumi na miwili ndiye mwenye mashaka, kwa sababu wanaoruhusiwa kuendesha peke yao hupimwa zaidi kwa kimo, na vituo vingi huweka kimo hicho karibu na sentimita 137, ingawa vingine hukishusha au hukipandisha. Mpime nyumbani kabla ya kumwahidi chochote. Nimeona watoto wakilia kwenye kile kijiti cha kupimia, na nimeona wazazi wakiwatia magazeti ndani ya viatu, jambo ambalo halikumdanganya mhudumu yeyote. Kuna pia kikomo cha uzito wa watu wawili kwa pamoja, kwa hiyo msishangae watu wazima wawili wakiambiwa wapande vigari tofauti.

Mkanda ukaguliwe na mhudumu, kisha ukaguliwe na wewe. Silisemi hili kwa mazoea. Mwaka 2021, katika bustani moja ya michezo ya mitambo iliyo juu ya mlima huko Colorado, mtoto wa miaka sita alifariki kwenye mtambo unaoangusha viti pamoja na abiria wake, ambao ni tofauti kabisa na kosta, na uchunguzi wa jimbo ulibaini kwamba alikuwa ameketi juu ya mikanda badala ya kufungwa nayo na wahudumu hawakugundua. Sekunde mbili za kuvuta mkanda wa mwanao kwa mkono wako haziwezi kumkera mtu yeyote wa maana.

Msichanganye kosta na mtelezo wa mlimani, maana tiketi zao huuzwa dirisha moja na picha zao hufanana. Mtelezo ni wa zamani zaidi. Ule wa Bromley, jimbo la Vermont, ulifunguliwa mwaka 1976 na ndio uliokuwa wa kwanza Amerika Kaskazini. Huo hauna reli. Ni mfereji uliotandazwa mlimani, nawe unashuka ndani yake kwa kisleji, yaani kiti kidogo cha kutelezea, chenye kishikio kimoja katikati ya miguu, bila mkanda na bila kitu chochote kinachokushikilia kwenye njia. Ukiingia konani kwa kasi kuliko uwezo wako, unatupwa nje au unaburuzwa kwenye ukuta wa mfereji, na ngozi ya kiwiko inabaki pale. Mimi binafsi niliupenda kuliko kosta, kwa sababu ustadi una nafasi, lakini singempeleka mtoto wa miaka sita, na huyo wa kumi na miwili ningemvalisha suruali ndefu na mikono mirefu hata kama jua ni kali.

Kuhusu mwinuko, Denver haitawasumbua, kwa kuwa iko kwenye mita 1,609 hivi na Nakuru yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Vituo vya kuskii ni habari nyingine. Mji wa Breckenridge uko kwenye mita 2,900 hivi, ambapo ni juu kuliko Iten, na kosta yake inaanzia juu zaidi ya mji. Mimi niliyetoka kando ya ziwa niliumwa kichwa na kukosa usingizi nilipofika. Nyinyi wa Nakuru mtapata nafuu kidogo, ila mama mkwe anywe maji mengi na asikimbizwe siku ya kwanza. Jambo linalowashinda wageni wengi ni hali ya hewa. Mwezi wa Julai na Agosti, milima ya Colorado hupata radi karibu kila alasiri, na radi ikisikika kila kitu husimamishwa, kuanzia lifti za viti hadi ziplaini, yaani waya wa kutelezea hewani ukiwa umening'inia. Reli ikilowa, breki hupoteza nguvu, kwa hiyo hata baada ya mvua mtasubiri. Nendeni asubuhi mapema. Mtapata foleni fupi, reli kavu, na wahudumu ambao bado wana subira.

Hilo linanisaidia kutopoteza maneno mengi kuhusu bei. Tiketi ya siku nzima inavutia kwa hesabu ya karatasini, lakini siku yenyewe huisha saa saba au saa nane mchana mawingu yakishajikusanya, na watoto huchoka kabla ya mawingu. Nunueni tiketi za mara moja moja za kosta, mpande, kisha muamue. Trampolini za kamba na kuta za kupanda mnaweza kuziona mahali popote. Ziplaini ni nzuri, ila kama lengo ni ziplaini peke yake, ile ya msitu wa Kereita iko karibu na kwenu na haihitaji viza.

Kuna ndugu aliyeuliza kwa nini tusijenge kosta kama hiyo ukingoni mwa Menengai au kwenye miteremko ya Nandi, ilhali haihitaji theluji. Mteremko tunao, hilo silipingi. Lakini vituo vile vilianza na biashara ya majira ya baridi, ambayo ilikwisha kulipia barabara, maegesho, umeme, lifti, mafundi na kikosi cha uokoaji. Kosta iliongezwa ili mali hiyo isilale bure miezi ya joto. Vingi vya magharibi mwa Marekani viko kwenye ardhi ya misitu ya serikali, na hadi Bunge lao lilipopitisha sheria mwaka 2011 ya kupanua shughuli za majira ya joto, haikuwa wazi ni nini kinaruhusiwa nje ya kuskii. Sheria hiyo ilizitaja ziplaini na njia za baiskeli kuwa zinafaa, ikakataa mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu na bustani za michezo ya mitambo, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kosta zao zifuate umbo la mlima katikati ya miti badala ya kujengewa minara. Sisi tungelazimika kulipia kila kitu kwa tiketi ya kosta peke yake. Kati ya sehemu hizo mbili ningechagua Menengai bila kusita, kwa sababu Nandi na Kericho zina mvua ya mawe na radi za alasiri zinazojulikana na kila mkulima wa chai, na mtambo unaofungwa kila siku saa nane hauwezi kulipa mkopo.

Mama mkwe sasa. Kama hana matatizo ya mgongo, shingo au moyo, hakuna sheria ya umri inayomzuia, na nimewafunga mikanda wazee waliokuwa wakicheka kuliko wajukuu wao. Kuketi ndio mtihani, kwani kiti kiko chini sana na kutoka kunahitaji magoti. Mhudumu atampa mkono akiombwa. Akikataa, msimshawishi. Pale Breckenridge kuna gondola, yaani chumba kidogo kinachoning'inia kwenye waya, inayotoka mjini hadi chini ya kosta bila malipo, na atakaa kwenye benchi la pale mwisho wa njia, ambapo kila kigari kinaonekana kikitoka msituni. Mpeni sweta, kofia, na simu zenu zote awashikie.