Insha yangu kila mtu anasema nzuri, nifanye nini?

SUALI: Asalaam alaikum mwalimu, shikamoo. Mie nipo Wete, nimemaliza fomu siksi na nataka kuomba chuo Marekani, sasa binamu yangu alopo Unguja kanipa kitabu chake cha zamani cha SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, kina mazoezi ya insha za dakika 25 nikaandika moja. Suali lilikuwa, ushindani unawafanya watu wafanye kazi vizuri zaidi au unawaharibu? Mie nimesema unawafanya wafanye vizuri. Nimeanza kwa kusema toka dunia iumbwe binaadamu wanashindana, halafu nikaweka Olimpiki, halafu kampuni za simu, mwisho wachumaji karafuu wa huku kwetu, wanalipwa kwa pishi ndo maana wanakwenda mbio. Nimempa mwalimu wangu wa skuli kaniandikia "vizuri, ongeza bidii", kaka yangu kaniambia iko poa. Nakutumia yote, naomba unikosoe bila ya kunionea haya. — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikum salaam, marahaba mwanangu. Insha nimeipata na nimeisoma, lakini kwanza hicho kitabu. Insha ya dakika 25 ni ya ile SAT ya 2005 mpaka 2016, baada ya hapo wakaigeuza ikawa dakika 50, ya hiari, na huulizwi tena wewe unaonaje bali unapewa makala uchambue mwandishi kawashawishi vipi wasomaji wake, kisha 2021 wakaiondoa, iliyobaki ni kwa baadhi ya majimbo huko huko Marekani. SAT utakayofanya wewe ni ya kompyuta na insha haina.

Usinune, hukupoteza kitu. ACT, mtihani mwengine wa kuombea vyuo vya huko, bado ina sehemu ya kuandika kwa anaeitaka, dakika 40, wanakupa jambo moja na mitazamo mitatu juu yake, wewe unatoa wako na kuonyesha unakutana au unapingana vipi na angalau mmoja wao. Na kwa kuwa Kiingereza si lugha ya nyumbani kwako vyuo vingi vitakudai mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, na ile insha ya pili ya IELTS ni ndugu kabisa wa hii uloandika, maneno yasiyopungua 250, nayo inabeba uzito mara mbili kuliko ya kwanza. Uliza chuo chenyewe kinataka ipi kabla hujalipa ada ya mtihani, maana ada hizo si pesa ya kuchezea.

Haya, insha. Hiyo "toka dunia iumbwe" ifute. Nimeshasoma insha chungu nzima zinazoanza hivyo na hakuna hata moja iliyofaidika. Olimpiki umesema wanariadha wanakimbia sana kwa sababu wanashindana, sasa hapo umelirudia suali tu kwa maneno mengine, hamna mkimbiaji, hamna mbio, hamna kilichotokea. Kampuni za simu mistari miwili, bei imeshuka basi. Ungeviacha vyote viwili nisingevikumbuka.

Karafuu ndo insha yako, na umeitia mwisho kabisa kama vile umeionea aibu! Mtoto wa Pemba unaandika Olimpiki ulizoziona kwenye tivii, na mkarafuu upo nyuma ya nyumba. Hebu fikiri unachokijua. Mchumaji yupo juu ya mti, analipwa kwa pishi, na wenzake kwenye miti ya jirani nao wanajaza. Anaetaka kuwapita afanye nini? Haendi tena kikonyo kimoja kimoja, analivuta tawi zima mpaka linakatika analichumia chini kwa raha zake, jioni pishi zake nyingi kuliko za wenzake na kalipwa zaidi, na mwenye shamba msimu unaokuja anautazama mti hauna matawi ya kuzalia. Sasa huo ushindani umemfanya afanye kazi vizuri au umemharibu? Umemfanya afanye haraka, kweli, lakini kinachopimwa pale ni pishi, tawi halipimwi na mtu. Kwa hiyo mfano wako mwenyewe unaupinga msimamo wako na hukuuona, na hapo khasa ndo maksi zilipo. Andika hivyo, kwamba ushindani unawasukuma watu kwenye kile kinachopimwa, kikipimwa kitu sahihi kazi inakuwa nzuri na kikipimwa nusu basi ile nusu nyengine inaumia. Huo ni msimamo, mtu anaweza kubishana nao. "Ushindani ni mzuri" nani abishane nao?

Na kumbuka anaekusahihisha hajawahi kuona mkarafuu. Mwambie kwa nusu sentensi kuwa karafuu ni chipukizi la ua linachumwa kwa mkono kwenye mti mrefu, na pishi ni kipimo cha kujazia, usimpe historia ya Zanzibar nzima.

Hitimisho umekopi utangulizi, lifupishe. Kiingereza chako si kibaya, ila unaanza na wakati uliopo unamaliza na uliopita ndani ya sentensi moja, kaa upitie hilo tu kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu wako usimlaumu, ana darasa limejaa na rundo la madaftari, na kaka yako anakupenda. Tatizo unawauliza "iko vipi?" na jibu la hapo ni "poa". Mpe mtu aisome, mnyang'anye karatasi, halafu muulize: mie nimesema nini hapa, na mfano gani umeukumbuka? Akijikuna kichwa umeshajua. Na mtafute mmoja asie na mapenzi na wewe sana.

Ifanye upya kwa dakika 40 na saa mbele yako, unitumie. Juu uandike ni ya ACT au ya IELTS, maana ACT wasahihishaji wawili wanakupa kila mmoja 1 mpaka 6 kwenye mambo manne na insha inatoka na alama 2 mpaka 12, IELTS inakwenda mpaka 9, siwezi kukukadiria bila ya kujua ipi.