Maswali na majibu: Kula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Maswali ya safari hii yanafanana. Karatasi ya hospitali inasema hivi, video ya mtandaoni inasema vile, na aliyepasuliwa hajui aanze na lipi. Tukisema slivu, tunamaanisha upasuaji ambao sehemu kubwa ya mfuko wa chakula huondolewa, ukabaki kama bomba jembamba. Baipasi ni ule ambao hubakizwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba kwa namna ambayo chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo huo.

Swali: Nina siku 12 tangu nifanyiwe slivu. Hospitali imeniambia nibaki kwenye vyakula vya majimaji mpaka wiki ya pili iishe. Mtandaoni kuna dada anakula mayai ya kukoroga siku ya 10, na mwingine anasema yeye alikunywa maji na supu tu wiki nne nzima. Nimfuate nani?

Fuata karatasi yako. Hao wawili huenda wanafuata walichoambiwa kwao, na bado wakakuumiza wewe, kwa sababu hospitali hazina mpango mmoja na watu hawaponi kwa kasi moja. Kwa kawaida mpango unakwenda hivi: siku ya kwanza au mbili ni vinywaji vyepesi unavyoweza kuona kwa ndani, kama maji na supu iliyochujwa. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni majimaji yenye protini, kama maziwa na supu iliyosagwa mpaka ikalainika kabisa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa, ya tano na ya sita ni vyakula laini vinavyopondeka kwa uma, kisha chakula cha kawaida kinarudi kidogo kidogo kuanzia wiki ya saba au ya nane. Karatasi yako ikizidi au ikipungua wiki moja hapa na pale, hilo ni sawa.

Sababu ya kuchelewesha ni mshono. Mfuko wako umefungwa kwa mstari mrefu wa pini ndogo za chuma na ndani bado umevimba. Mshono ukivuja, mara nyingi huvuja ndani ya siku 30 za mwanzo. Chakula kigumu kinakwama kwenye njia iliyovimba, unatapika, na kutapika huko kunaongeza presha pale pale panapotakiwa kupona. Kutosikia maumivu si kibali cha kuruka hatua.

Ukikutana na ushauri wowote mtandaoni, uulize mambo matatu: ni wa upasuaji gani, ni wa wiki ya ngapi, na sababu yake ni nini. Ukikosa jibu la hata moja, peleka swali kwa mtaalamu wako wa lishe kabla hujajaribu.

Siku utakapoanza vyakula vilivyosagwa, vipitishe kwenye chujio. Kinachobaki juu ya chujio bado hakijawa tayari kwa tumbo lako. Anza na vijiko viwili vya chai, ukila taratibu, na ujaribu chakula kipya kimoja tu kwa siku ili kikikukataa ujue ni kipi. Ukipata homa, mapigo ya moyo yakazidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, ukakosa pumzi, au maumivu ya tumbo yakazidi au yakapanda hadi bega la kushoto, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Swali: Kuhusu maji nimechoka kusikia. Mmoja anasema nisubiri dakika 30 baada ya kula, mwingine saa nzima, mwingine eti haina maana. Na mrija je? Soda ya gesi?

Dakika 30 baada ya kula ndiyo kanuni inayotolewa na hospitali nyingi, nasi tunaiunga mkono. Mfuko ni mdogo: ukiujaza maji, protini inakosa nafasi, au vyote viwili vinarudi juu. Kwa wa baipasi, maji pia huweza kusukuma chakula haraka kwenye utumbo. Kusubiri saa nzima kuna hasara yake, kwani unaweza kumaliza siku bila kufikia lita 1.5, na upungufu wa maji ni miongoni mwa mambo yanayowarudisha watu hospitali katika wiki za mwanzo.

Tumia kikombe kidogo cha dawa cha mililita 30. Kimoja kila dakika 10, kwa mafunda madogo, ni mililita 180 kwa saa. Ukiweza saa tisa au kumi za namna hiyo, ukitoa muda wa milo, umefika. Mkojo wenye rangi iliyokolea na kizunguzungu unaposimama vinakuambia umebaki nyuma.

Mrija hauwezi kupasua mshono. Tatizo lake ni hewa unayomeza, ambayo wengine huwaumiza na wengine hawaisikii. Soda ya gesi ni bora iachwe. Kwamba inatanua mfuko ni dai lisilo na ushahidi wa kutosha, lakini gesi inauma na sukari yake haina kazi nzuri kwako.

Swali: Protini ni gramu 60, 80 au 120? Na unga wa kolajeni (protini itokayo kwenye ngozi na mifupa ya wanyama) unatosha? Nina miezi mitatu, baipasi.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Wapo wanaopangiwa zaidi, hadi gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wao (siyo uzito walio nao sasa), lakini hesabu hiyo huifanya mtaalamu wa lishe. Anayetangaza 120 kwa kila mtu anazungumza bila kujua figo zako wala urefu wako.

Siku moja ya mwezi wa tatu inaweza kuwa hivi: mayai mawili, gramu 12. Mtindi mzito uliochujwa, gramu 150, unakupa protini kama 15. Kuku aliyepikwa, gramu 60, ni protini 18, na samaki kiasi hicho hicho ni 14 hivi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 iliyokorogwa na vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta ni 16. Jumla ni 75, bila kopo lolote la gharama. Anza kila mlo na protini, kisha mboga. Wali na mkate vije mwisho kama nafasi imebaki.

Kolajeni haitoshi. Haina triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo gramu 20 zilizoandikwa kwenye kopo hazifanyi kazi ya gramu 20 za maziwa au yai. Kama unahitaji unga, tafuta wa protini ya maziwa au soya, wenye gramu 20 hadi 30 kwa kipimo kimoja na sukari kidogo. Maziwa yakikusumbua tumbo, chagua ule ambao laktosi (sukari ya maziwa) imeondolewa.

Kinachowakwaza wengi ni ukavu wa nyama kuliko wingi wake. Minofu ya kuku ya kuchoma au iliyopashwa moto mara ya pili inakwama kifuani kama tonge lisiloshuka. Ipike kwa mchuzi, ikate vipande vya ukubwa wa punje ya harage, tafuna mpaka iwe laini kabisa, na uweke uma chini kabla ya tonge lingine. Mkate laini nao hukwama, kwa sababu huungana ukawa donge.

Swali: Kuna vitamini tamu za kutafuna kama jeli, na mfamasia ananiambia kalsiamu yoyote ni sawa. Kweli?

Hapana kwa yote mawili, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe.

Jeli nyingi hazina madini ya chuma, na nyingi zina thiamini (vitamini B1) kidogo au hazina kabisa. Hivyo viwili huwezi kuvikosa. Chagua vidonge vya kutafuna au vya kumeza vilivyotengenezwa kwa waliofanyiwa upasuaji huu, kisha usome nyuma ya kopo. Miongozo inayofuatwa na wengi kwa slivu na baipasi inasema hivi kwa siku: thiamini angalau miligramu 12, B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, vitamini D3 yuniti 3,000 mpaka kipimo cha damu kifike kiwango, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa wote wa baipasi.

Kalsiamu iwe ya sitreti. Ile ya kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke vizuri, na asidi yako sasa ni kidogo, hasa kama unameza pia dawa za kuipunguza. Mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja, kwa hiyo kumeza 1,500 kwa mkupuo ni kupoteza dawa. Tena kalsiamu na chuma hugombania kupokelewa. Vitenganishe kwa saa mbili au zaidi.

Ratiba inayowezekana: saa 1 asubuhi multivitamini yenye chuma, kalsiamu miligramu 500 saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, chuma cha ziada, kama umeandikiwa, saa 3 usiku. Chai na kahawa hupunguza chuma kinachoingia mwilini, basi visikaribiane na kidonge hicho.

Wengine huacha kwa kuwa wanajisikia vizuri. B12 iliyohifadhiwa kwenye ini hudumu muda mrefu, hata miaka, kwa hiyo upungufu hujitokeza umeshasahau upasuaji: ganzi miguuni, uchovu, kusahausahau. Uharibifu wa neva ukikaa sana huenda usirudi nyuma. Vitamini hizi ni za maisha yote, na damu hupimwa angalau kila mwaka baada ya vipimo vya mwaka wa kwanza.

Swali: Niko wiki ya sita, natapika karibu kila siku, hata maji wakati mwingine. Kwenye kundi letu wanasema ni kawaida, mwili unazoea. Sasa naona vitu viwili viwili.

Dada au kaka, ukisoma hapa nenda hospitali leo, idara ya dharura, na usiende peke yako. Kutapika mara moja kwa sababu ulikula haraka hutokea. Kutapika kila siku si kuzoea. Mara nyingi kuna sababu inayotibika, kama njia iliyobana au kidonda.

Jambo la hatari zaidi ni thiamini. Akiba yake mwilini huisha ndani ya wiki mbili au tatu, na ikiisha ubongo huumia. Dalili ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba unapotembea na kuchanganyikiwa, na si lazima zije zote pamoja. Mwambie wa kwanza atakayekupokea: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, natapika kwa wiki kadhaa, naona vitu viwili viwili, naomba thiamini ya mshipa kabla ya dripu ya sukari." Dripu ya glukosi ikitangulia bila thiamini inaweza kuzidisha madhara. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi, anayekusindikiza aishike, kwa maana huenda ukifika ukashindwa kujieleza.

Swali: Uzito umeganda wiki ya nne. Nifanye "kuanza upya" kwa siku tano za majimaji?

Usifanye. Uzito wa wiki za mwanzo una maji mengi ndani yake: sukari ya akiba kwenye ini na misuli hutumika, na kila gramu yake huondoka na gramu tatu hivi za maji. Baadaye sehemu ya maji hayo hurudi huku mafuta yakiendelea kupungua, na mzani unasimama. Kwa kawaida hupita wenyewe. Mfuko haurudi udogo kwa siku tano za supu. Utakachopoteza ni protini.

Swali: Baada ya juisi au keki moyo unadunda, natoka jasho, naharisha. Siku nyingine inakuja saa mbili baadaye, natetemeka. Baipasi, mwaka na nusu.

Hayo ni mambo mawili. La kwanza, linalokuja ndani ya dakika 10 hadi 30, ni sukari kushuka utumboni kwa kishindo na kuvuta maji. La pili, la saa moja hadi tatu baadaye, ni sukari ya damu kuporomoka baada ya insulini kutoka kwa wingi. Yote huanza na sukari inayokwenda haraka, na dawa ya kwanza ni ile ile: acha juisi na vitamu, kula protini kwanza, milo midogo mitano au sita, maji mbali na chakula.

Ukianza kutetemeka, pima sukari kama una kipimo. Ikiwa chini, chukua sukari kidogo, gramu 10 hadi 15, kisha ufuatishe protini, la sivyo itapanda na kuporomoka tena. Andika siku, saa, ulichokula na kipimo, umpelekee daktari. Ukizimia au ukichanganyikiwa, hilo halisubiri miadi. Na kama bado unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya zamani, dozi inabidi ipitiwe upya haraka.

Swali: Nywele zinatoka kwa mashada, mwezi wa nne. Wote wananiambia nimeze biotini (vitamini B7).

Pole. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokana zaidi na mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito kwa kasi, na kwa kawaida huota tena. Angalia protini, chuma, feritini (kipimo cha akiba ya chuma) na zinki kwenye damu. Biotini haisaidii kama hukuwa na upungufu wake, na dozi kubwa hupotosha baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na kile cha moyo kinachoitwa troponini. Kama unaimeza, mwambie daktari na watu wa maabara kabla hawajachukua damu.