Methodi za HTTP: usizifungie kwenye enamu

Ukianza kuandika maktaba ya klaienti ya HTTP (itifaki ya kuzungumza na seva za wavuti), kishawishi cha kwanza ni kuweka methodi zake, yaani maneno ya kuiambia seva unataka nini, kama GET, POST, PUT na DELETE, kwenye enamu (aina yenye orodha maalumu ya thamani) na kufunga mlango. Kompaila inamnasa aliyeandika GTE, nyaraka zinapendeza. Kazi hii nimeifanya vya kutosha, na nakushauri usifunge.

Orodha ya methodi haijawahi kufika mwisho. PATCH ilisanifishwa mwaka 2010, kwenye RFC 5789 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti). HttpURLConnection ya Java ilikuwa na orodha yake tayari, na mpaka leo ukiipa "PATCH" inakutupia ProtocolException: Invalid HTTP method: PATCH. Kodi za kulikwepa hilo nimeziona za kila aina. Kuna wanaotuma POST yenye kichwa cha X-HTTP-Method-Override kinachotaja methodi halisi na kuomba Mungu seva ikielewe. Kuna wanaochokonoa sehemu za ndani za klasi wasizoruhusiwa kugusa. HttpClient mpya ya Java 11 ndiyo iliyokubali karibu jina lolote. Spring nao, wenye fremuweki ya Java, HttpMethod yao ilikuwa enamu hadi toleo la 6, wakaigeuza klasi. Na anayeunganisha kalenda ya CalDAV (itifaki ya kalenda juu ya HTTP) atataka methodi za PROPFIND na REPORT, upende usipende.

Basi jina la methodi liwe stringi tupu, yaani maandishi tu? Lugha ya Go inaishi nazo vizuri tu. Mimi napendelea aina ndogo inayojitegemea, kama ya .NET: HttpMethod.Get ipo tayari, na new HttpMethod("PROPFIND") inapita. Konstrukta (kodi inayounda thamani hiyo) ikague kwamba jina ni tokeni halali, yaani neno moja la herufi zinazoruhusiwa na HTTP. Nafasi na mistari mipya ikatae kabisa, la sivyo jina lililotoka kwa mtumiaji linaweza kubeba ombi zima la pili ndani yake.

Ila isibadilishe herufi kimyakimya. Katika HTTP, get na GET ni methodi mbili tofauti. fetch ya vivinjari, kitendakazi cha kutuma maombi, inazigeuza kuwa herufi kubwa get, post, put, delete, head na options, lakini patch inaiacha ilivyo. Msanidi anaandika method: "patch", seva imeruhusu PATCH, kivinjari kinazuia ombi, na jamaa anakesha akihangaika na mipangilio ya CORS (kanuni za kivinjari kuhusu maombi kwenda tovuti nyingine) ambayo haina kosa lolote. Thamani zilizoundwa tayari, kama HttpMethod.Get, zinamwepusha na yote hayo.

Faida kubwa ya kuwa na aina yako ni kwamba inaweza kujibu maswali mawili: je, methodi hii ni salama (haiombi kubadilisha kitu kwenye seva), na je, ombi lake linaweza kurudiwa bila madhara? Kwa RFC 9110, GET, HEAD, OPTIONS na TRACE ni ndiyo kwa yote mawili. PUT na DELETE zinarudiwa, ila si salama. POST na PATCH hapana. Muunganisho ukikatika katikati ya ombi la malipo, hujui kama seva ililipokea, na kodi ya kurudia maombi inapaswa kuuliza methodi kabla ya kumkata mteja pesa mara mbili. Methodi ngeni ijibu hapana kwa yote, mpaka anayeiunda aseme vingine: PROPFIND, kwa mfano, ni salama na inarudiwa.